Kariakoo, Mlimani City au Unguja: nguo ya Idi na chai pamoja na binti wa kaka

Kaka yangu alimpa binti yake wa kwanza jina langu, kwa hiyo mimi na mtoto yule hatuitani shangazi na mpwa, tunaitana somo. Sasa ana miaka minane. Tangu alipotimiza mitano, Idi ikikaribia namwomba kwa wifi yangu siku nzima, tunatoka wawili tu, wadogo zake wanabaki nyumbani. Tunanunua nguo ya sikukuu, halafu tunatafuta mahali tunakaa kunywa chai bila haraka. Tumeshakwenda Mlimani City, tumekwenda Kariakoo zaidi ya mara moja, na mwaka jana tulivuka bahari kwenda Unguja. Naandika nilichokiona, kwa shangazi au mama mdogo anayekaa Dar na anajiuliza ampeleke mtoto wapi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mtoto aliyefika miaka saba au minane, nguo ni Kariakoo na chai ni Kisutu. Mdogo zaidi ya hapo, nenda Mlimani. Unguja ni safari ya namna nyingine, na siwezi kumshauri mtu aibane kwenye siku moja.

Angalia mwezi kwanza

Kabla ya kuchagua duka, fungua kalenda. Idi el-Fitri inakuja baada ya mfungo, maana yake pilika za nguo zote zinafanyika watu wakiwa na Ramadhani. Chai ya saa kumi jioni hapo haipo. Unguja hoteli za chakula hufungwa mchana, na kula hadharani kunaweza kukufikisha polisi. Dar utapata pa kula, lakini mtoto wa miaka minane huenda naye ameshaanza kufunga nusu siku, na anajivunia kuliko anavyojivunia gauni. Usimharibie mfungo wake kwa ajili ya matembezi yenu.

Mimi hufanya mojawapo ya mawili. Ama tunakwenda Shaaban, wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama, bei zikiwa bado hazijapanda. Ama tunanunua asubuhi, tunarudi nyumbani kupumzika, halafu chai inakuwa ya usiku baada ya futari. Idi ya Kuchinja haina shida hiyo, na kwangu ndiyo sikukuu nzuri zaidi kwa matembezi haya. Anayemtoa mtoto kwa ajili ya Krismasi ana hesabu yake nyingine: ikishafika katikati ya Desemba, Kariakoo inajaa watu wanaofunga mizigo ya kwenda Moshi, Arusha na Bukoba, na mtoto haoni kitu ila migongo ya watu.

Kariakoo

Mtu akisema Kariakoo si mahali pa mtoto, namwelewa, lakini huwa namuuliza alikwenda saa ngapi. Tofauti ya saa mbili na nusu asubuhi na saa saba mchana ni kama miji miwili. Asubuhi wenye maduka ndio wanatundika mali, wana muda wa kuzungumza na mtoto, na wengi wanamtaka mteja wa kwanza asiondoke bila kununua, kwa hiyo bei inalegea. Saa tano ikishapita yanaanza maguta, mikokoteni na wabeba mizigo wanaotaka kupishwa, na unaanza kumvuta mtoto mkono badala ya kutembea naye. Tangu mwaka 2025 biashara ya saa 24 imezinduliwa pale na usiku taa zinapendeza, ila kwa mtoto mimi bado nashika asubuhi.

Tunashuka mwendokasi kituo cha Msimbazi. Njiani huwa namhadithia. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuwa na kambi hapo. Ulimi wetu ukaligeuza. Jengo la soko kuu alilichora Beda Amuli, Mtanzania, na lilijengwa miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, na somo alikuwa mdogo mno kukumbuka moshi ule. Paa lake la zege limeumbwa kama miavuli iliyopinduliwa, ikinga maji ya mvua. Nilipomwonyesha, alisimama akatazama juu muda mrefu, akauliza maji yakijaa yanakwenda wapi. Nikamwambia yanateremka ndani ya nguzo kwenda tangini, chini ya ardhi. Swali kama hilo sijawahi kulisikia ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Halafu kuna mtaa unaoitwa Sikukuu, na mtoto anayekwenda kununua nguo ya sikukuu akisoma kibao hicho anaona mji mzima unamsubiri yeye.

Sababu kubwa inayonifanya niichague Kariakoo, hata hivyo, ni kwamba bei yake inazungumzika, na mtoto anaweza kuizungumza.

Gauni nanunua mimi. Lakini somo ana pochi yake ndogo yenye 25,000, ndiyo mkono wake wa Idi ninaompa mapema, na humo lazima apate mtandio, bangili au vibanio, na zawadi moja ya mdogo wake. Pesa anazihesabu kwa wanyama waliochorwa kwenye noti: tembo mmoja wa 10,000, faru mmoja wa 5,000, simba watano wa 2,000. Tembo ndiyo ile 10,000 ambayo vijana wanaiita msimbazi kwa wekundu wake, kama jezi ya klabu ya Simba ya Mtaa wa Msimbazi, na baba yake, ambaye ni shabiki wa Yanga, hataki neno hilo litajwe nyumbani.

Safari yetu ya mwisho aliona mtandio wa rangi ya zambarau wenye shanga pembeni. Muuzaji akasema 8,000. Somo akafungua zipu, akatoa simba wawili, akawanyoosha kwa mikono miwili bila kusema neno. Kijana akatazama zile noti, akatazama ule mtandio. "Mteja wangu, ongeza kidogo na mimi nile." Somo akanigeukia. Mimi nikageukia soksi zilizotundikwa upande wa pili, maana tulishakubaliana kwamba pochi yake simsaidii. Akakaa kimya, akatoa simba wa tatu, akamlaza juu ya wale wawili, akaziba zipu. Kijana akakunja mtandio. Tulipotoka mlangoni alikuwa anatembea kama mtu mzima aliyetoka kusaini mkataba.

Gauni lake lilianzia 35,000 na tukalichukua kwa 24,000, na hapo niliongea mimi. Mtaa wa Kongo na mitaa inayoukata una nguo nyingi za watoto, na maduka mengi huuza jumla na rejareja. Ukiwa na watoto watatu wa ukoo wa kuvalisha, muulize bei ya jumla inaanzia vipande vingapi. Mara nyingi si vingi.

Sasa mabaya yake. Chumba cha kujaribia nguo usikitarajie. Mvalishe mtoto fulana inayobana na suruali nyepesi ya kubana, ili gauni livaliwe juu yake palepale dukani, na ubebe kanga ya kumzungushia. Kioo ni cha kushikwa mkononi au simu ya muuzaji. Choo utakilipia na hutakifurahia. Andika namba yako ya simu kwenye karatasi, uitie mfukoni mwake, na mkubaliane mahali pa kusimama akipotea: asitembee kunitafuta, aingie duka lililo karibu naye amwambie mwenye duka.

Na viatu, jaribu vyote viwili. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja tulijaribu kiatu cha kushoto tu, kikamkaa vizuri, tukalipa. Nyumbani tukakuta cha kushoto ni namba 31 na cha kulia ni 30. Nilirudi kesho yake, nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Siku ya Idi somo alivaa hivyohivyo mpaka mchana, akavua taratibu akaviweka chini ya kochi, hakumwambia mtu. Mama yake ndiye aliyekuja kuona kidole.

Chai ya Kisutu

Kariakoo kwenyewe chai ipo, na vitumbua vya moto vipo, lakini pa kukaa kwa utulivu ni shida: meza inasubiriwa na wenye njaa na mifuko yenu imeziba njia. Ndiyo maana tunatoka. Tunapita Lumumba, tunakatiza Mnazi Mmoja, uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi kutenga makazi ya Waafrika na mji wa wengine, na mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama humo hadi leo. Barabara ya Bibi Titi Mohamed tunavuka tumeshikana mikono, magari pale hayana huruma. Mvua ikinyesha au mifuko ikizidi, bajaji.

Kisutu na mitaa yake ina hoteli za zamani za chai, za meza za marumaru au za fomeka, feni juu, na kabati la kioo mbele lenye kababu, katlesi, sambusa, bajia za dengu na visheti. Chai ni ya maziwa, imechemshwa pamoja na majani yake, tangawizi na iliki mpaka imeshika rangi ya udongo. Usimwagizie mtoto soda. Mwache achague kabatini kwa kidole, vitu viwili vya chumvi na kimoja cha sukari.

Ilipoletwa, chai ilikuwa ya moto sana. Somo akainua kikombe kwa mikono miwili, akamimina kidogo kwenye kisahani, akakiinamia, akapuliza, akanywa kwa ukingo. Hakuna aliyemfundisha. Bibi yake, mama yetu mimi na kaka, alikuwa akinywa hivyo kila alasiri, na somo alikuwa na miaka minne bibi alipofariki. Nilimuuliza amejifunzia wapi, akasema chai inapoa haraka. Nami nikamimina ya kwangu.

Hesabu yote ya meza ile haikufika 8,000, kwa watu wawili walioshiba.

Mlimani City

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mambo yake yanajulikana. Pamefunguliwa mwaka 2006, pako Barabara ya Sam Nujoma kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pana maegesho, kiyoyozi, vyoo safi na sinema. Bei imeandikwa kwenye nguo. Unalipa au unaacha. Gauni linalofanana na la Kariakoo unaweza kulikuta kwa mara mbili ya bei, ingawa mara nyingine mshono wake ni bora na unaweza kulirudisha ukiwa na risiti.

Somo alikuwa na miaka mitano tulipokwenda, na kwa umri ule sikujuta hata kidogo. Kioo kirefu kilimtosha kuwa furaha ya siku nzima: alivaa gauni, akazunguka, akarudi nyuma hatua tatu ili aone viatu, akazunguka tena. Kariakoo haiwezi kumpa hilo. Mtoto wa miaka minne au mitano anachoka ghafla, anataka choo ghafla, anataka kubebwa ghafla, na Mlimani kila kimoja cha hivyo kina jawabu karibu.

Chai yake mimi siipendi. Unaletewa maji ya moto na kifuko chenye uzi, maziwa pembeni, na mtoto anasubiri ladha ambayo haiji. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba majani yanalimwa kwetu, Mufindi, Rungwe na Usambara. Agiza keki na juisi, chai mkanywe nyumbani.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima nilikiri kwa upande wa Mlimani. Pale pana utulivu, kiti ni laini, hakuna anayekutazama uinuke. Ni mezani pale ndipo somo aliponiambia kwamba kuna mtoto shuleni anamnyang'anya chakula chake kila siku na anaogopa kusema. Nyumbani wapo watu saba, nani angemsikia? Kama unahisi mtoto ana neno moyoni, chagua mahali penye ukimya, hata kama chai yake ni maji.

Unguja kwa boti

Wengi wanavutiwa na hii, nami nilivutiwa. Unapanda boti asubuhi, ndani ya saa mbili hivi uko Malindi, unatembea Mji Mkongwe, unanunua Darajani, unakunywa chai Forodhani, unarudi na boti ya jioni. Kwa maneno inapendeza.

Tatizo ni kwamba Forodhani ya meza za chakula na taa inaanza baada ya Magharibi, na boti ya jioni inaondoka kabla ya hapo. Anayekwenda na kurudi siku moja anaiona bustani, haioni Forodhani. Tulijikuta tumekaa kwenye benchi tunatazama Beit el-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, huku mpika urojo niliyemwahidi mtoto hajafika. Kwa hiyo kama huna ndugu wa kulala kwake, au huna pesa ya chumba, usiende kwa ajili ya chai.

Usiende kwa ajili ya gauni pia. Soko la Darajani ni la mwaka 1904, na jina lake linatokana na daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Ni mahali pazuri kumtembeza mtoto. Lakini nguo nyingi za watoto nilizoziona madukani ni zilezile za Kariakoo. Vya kununua kule ni vile ambavyo Dar huvipati vya namna ile: kikuba cha asumini na rehani, udi, hina nzuri, kofia ya mkono kwa ajili ya baba yake. Somo alibeba kikuba mkononi njia nzima ya kurudi, ananusa kila akihisi kichefuchefu.

Kichefuchefu kilikuwapo, kwa sababu tulisafiri wakati wa kusi. Kuanzia Juni mpaka Septemba bahari inachafuka, na mtoto asiyezoea atatapika. Mnunulie ndimu ya kunusa, mkae katikati ya boti upande wa nyuma, asile mayai wala maziwa kabla ya kupanda. Kaskazi bahari mara nyingi ni tulivu zaidi. Beba kitambulisho chako na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, nauli ya mtoto inategemea umri.

Inapofaa ni hii: mtoto amefika miaka kumi, mna mwenyeji, na mnakwenda kukaa Idi yenyewe kule. Hapo hakuna cha kulinganisha. Kuna viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja ya Unguja na vya Kariakoo yao, pembea, watoto wamevaa mapya wanakwenda makundi makundi na pesa zao za mkono wa Idi. Chai mtakunywa barazani kwa watu, na hamtailipia.

Kwa mwenye kuamua leo

Kama una 50,000 na mtoto wa miaka minane, Kariakoo inakuvalisha mtoto kuanzia kichwa hadi mguu, na chai inabaki. Mlimani pesa hiyo inaishia kwenye gauni na keki. Unguja inaweza kuishia kwenye nauli.

Kama mtoto anaogopa kelele, au miguu yako wewe mwenyewe haikupi nafasi ya kutembea saa tatu, Mlimani, na usijione umepungukiwa. Kama ni watoto wawili, mimi nisingewapeleka Kariakoo peke yangu; mikono ni miwili na lazima mmoja ushike pesa. Kama ni mvulana, fanya vilevile, mpe pochi na umwachie apatane bei ya kanzu yake.

Popote utakapochagua, nenda na mtoto mmoja kwa zamu. Wifi yangu mwanzoni alinielewa vibaya, akidhani nabagua wengine. Sasa mdogo wake somo ametimiza mitano na amekwishaanza kuuliza zamu yake lini. Yeye tutakwenda Mlimani, kwenye kile kioo kirefu. Somo mwenyewe anataka boti tena, safari hii tulale. Nimemwambia akifika darasa la tano, na wakati wa kaskazi.